Gari la Mjapani, na Mjapani asiye na gari

Ukinunua gari dogo lililotumika kutoka Japani, IST au Passo au Vitz, ukaliwasha kwa mara ya kwanza baada ya kulitoa bandarini, utasikia sauti ya mwanamke ikikusemesha Kijapani. Ni kifaa cha kulipia barabara kinachosema hakina kadi. Redio nayo inaishia 90, mpaka fundi akufungie kifaa cha kuongeza masafa ndipo upate stesheni za hapa. Na kama waliolisafisha hawakuibandua, kwenye kioo cha nyuma utakuta stika ndogo ya duara yenye maandishi ya Kijapani. Wengi wetu huikwangua kwa kisu na kuisahau, ilhali katika gari zima hakuna kitu chenye habari nzito kuliko hiyo. Ilitolewa na polisi kuonyesha kwamba mwenye gari ana mahali pake pa kuliegesha, nje ya barabara ya umma.

Japani ilitunga sheria ya maegesho mwaka 1962, na inaendelea kuitumia hata baada ya stika yenyewe kuondolewa mwaka 2025. Katika miji, anayetaka kusajili gari huenda kwanza polisi na mchoro wa mahali atakapoliegesha. Mahali hapo pawe ndani ya kilomita mbili kutoka anapoishi, na pawe pake au awe na mkataba wa kupangisha. Polisi huenda kuangalia. Kulaza gari barabarani usiku kucha ni kosa. Kwa hiyo mkazi wa Tokyo asiye na uwanja wa nyumba hulipa kodi ya maegesho kila mwezi, na katikati ya jiji kodi hiyo hufika makumi ya maelfu ya yeni. Gari jipya likitimiza miaka mitatu linaingia ukaguzi wa lazima wa serikali, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama inayomfanya mwenye gari aanze kujiuliza kama linafaa kubaki. Wengi huamua halifai. Ndivyo gari zima kabisa, lenye kilomita chache, linavyopanda meli kuja Dar es Salaam, Mombasa na Durban.

Naandika haya kwa sababu katika mazungumzo yetu kuhusu foleni kuna jambo tunaliruka. Tunasema Mwafrika anapenda gari, kwamba ni ufahari, kwamba hata tukijenga treni za kupaa mtu aliyepata kazi nzuri atanunua tu gari. Lakini nchi iliyotutengenezea gari hilo ndiyo nchi ya Toyota, Nissan na Honda. Kama kuna watu duniani wenye sababu ya kulipenda gari, ni wao. Na bado katika jiji la Tokyo wastani ni chini ya gari moja kwa kila kaya mbili. Ukienda mkoa wa Fukui, upande wa bahari ya Japani, wastani unapita gari moja na nusu kwa kila kaya. Watu ni wale wale na viwanda ni vile vile. Kinachotofautiana ni kile mji unachompa mtu anapotoka mlangoni asubuhi.

Katika wilaya 23 zinazofanya kitovu cha Tokyo, karibu nusu ya safari zote hufanywa kwa treni, na gari binafsi hubeba karibu safari moja tu kati ya kumi. Reli ya Yamanote, inayozunguka katikati ya jiji kwa kilomita 34.5 na stesheni 30, hupitisha treni kila dakika chache, na saa za asubuhi hazipishani kwa zaidi ya dakika tatu au nne. Mtu hatazami ratiba, anashuka tu ngazi na kusimama. Hapo ndipo palipo na siri yote, kwa maoni yangu. Kiti kizuri, kiyoyozi na skrini za kuonyesha vituo ni mambo mazuri, lakini hakuna hata kimoja kinachomfanya mtu aache kununua gari. Anaacha pale anapojua kwamba akikosa chombo hiki kinakuja kingine, na kwamba jioni atarudi bila kupigana. Kungoja kukiisha, sababu kubwa ya kuwa na gari inakwisha.

Tuje nyumbani sasa, kituo cha daladala saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wa darasa la nne amesimama na begi mgongoni, sweta la shule, mkononi ameshika sarafu yake. Gari linakuja, konda amening'inia mlangoni anaita. Watu wazima wanavamia, kijana mmoja anaingia kwa dirishani. Mtoto anasogea, konda anaweka mkono mlangoni: "Mwanafunzi mmoja tu!" Mmoja kashapanda. Gari linaondoka. Linakuja la pili, hali ni ile ile. Sote tumeyaona haya, na wengi wetu tumeyapitia, na kwa miaka tumekuwa tukimlaumu konda kwa roho mbaya.

Konda ana hesabu. Dereva na konda wake hawana mshahara wa kueleweka. Wanatakiwa wampelekee tajiri kiasi fulani jioni, mafuta watoe wao, na kinachobaki ndicho chao. Kwa mpango huo kila kiti kinachokaliwa na nauli ya mwanafunzi ni pesa iliyotoka mfukoni mwa konda mwenyewe, sahani ya chakula iliyopungua nyumbani kwake. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomfanya dereva akae kituoni nusu saa mpaka gari lijae, halafu akimbize kama ana mgonjwa ndani. Ndiyo inayomfanya akatishe njia na kuwashusha watu Ubungo huku ubaoni kumeandikwa Posta, kwa kuwa ameona abiria wengi upande wa pili. Ndiyo inayosababisha saa mbili usiku kituo kijae watu na magari yawe yameshalala: hesabu imetimia. Ukimweka malaika kwenye mpango huo, baada ya wiki mbili naye atawaacha wanafunzi.

Tokyo, mtoto wa miaka saba hupanda treni peke yake kwenda shule. Wageni hulishangaa jambo hilo na kulisifia kama malezi. Malezi yapo, sikatai, na watoto wengi zaidi hutembea kwa makundi kwenda shule za jirani. Ila mwendesha treni wa Tokyo analipwa mshahara, iwe behewa limejaa watoto au halina mtu. Hana sababu ya kumwona mtoto kama hasara. Mzazi wa Dar anayejinyima akakopa benki anunue IST hafanyi hivyo kwa ufahari. Mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu ya yule mtoto wa darasa la nne. Sitamlaumu kamwe, na nawaomba wenzangu wanaoandika kuhusu mazingira wasimlaumu.

Mwendokasi, yaani mabasi ya Dar yenye njia zake peke yake, ulikuja kuvunja hesabu hiyo. Ulipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 20.9, kwa nauli ya shilingi 650, watu wa Kimara walipata kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: kujua watafika saa ngapi. Safari iliyokuwa ikila saa mbili ikawa chini ya saa moja. Dar ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Nakumbuka mazungumzo ya wakati ule ofisini. Wenye magari walikuwa wakiyaacha Kimara na kupanda basi, kwa hiari yao, bila semina wala kampeni. Yeyote anayesema Mtanzania hawezi kuacha gari alione jambo hilo kwanza. Tulilijaribu, na likawezekana kwa mabasi 140 tu.

Na hapo kwenye 140 ndipo penye jeraha. Mpango kamili wa njia ile ya kwanza ulihitaji mabasi 305. Yale 140 yalikuwa ya huduma ya mpito, ya kuanzia. Mpito ukawa ndio hali yenyewe. Mabasi yakazeeka, mengine yakaharibiwa na maji pale Jangwani, bonde la Mto Msimbazi linalofurika kila masika, mahali ambapo karakana haikupaswa kujengwa. Foleni ikahama barabarani ikaingia ndani ya vituo. Barabara ilikuwa pale pale, vituo vilikuwa pale pale, ila ile ahadi ya kwamba likikosekana hili linakuja lingine ilishatoweka. Wenye magari walirudi kwenye magari. Wasiokuwa nayo wakarudi kugombea.

Njia ya Mbagala ilitufundisha somo lile lile kwa namna iliyouma zaidi. Kilomita 20.3 za zege zilikamilika, vituo vikasimama vimepakwa rangi, na mabasi hayakuwepo. Watu wa Mbagala walipita kando ya njia tupu wakiwa wamebanana kwenye daladala, mpaka huduma ilipoanza mwaka 2025. Sisi hujenga kama watu wanaoamini usafiri ni barabara. Barabara ina kukata utepe, ina picha, ina mkopo wenye tarehe ya kuanza na kuisha. Basi la saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, mwaka huu na mwaka kesho, halina utepe. Linahitaji fungu la matengenezo, vipuri, madereva wanaolipwa kwa wakati, na mtu ambaye kazi yake itakuwa hatarini mabasi yakipishana kwa dakika ishirini. Hicho ndicho kitu Tokyo inacho, na hakionekani kwenye picha za watalii.

Sitaki kuipamba Tokyo. Reli ya Tozai kabla ya janga la korona ilikuwa ikibeba asubuhi karibu mara mbili ya uwezo wake uliopangwa. Wanawake wamenyanyaswa kwenye mbanano huo kiasi cha kampuni za reli kutenga mabehewa yao wakati wa msongamano. Treni zinakoma karibu na saa saba usiku, na aliyechelewa atalipa teksi ya bei ya kutisha au atangoja alfajiri. Na jiji hilo nalo liliwahi kulisujudia gari. Lilikuwa na mtandao mkubwa wa tramu, na kati ya 1967 na 1972 likaing'oa karibu yote ili magari yapite. Imebaki njia ya Arakawa peke yake. Mwaka 1963, likijiandaa kwa Olimpiki ya mwaka uliofuata, lilipitisha barabara ya juu kwa juu ya daraja la Nihonbashi, daraja la mawe la mwaka 1911 ambalo ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa barabara zote za Japani. Sasa linatumia mabilioni kuichimbia barabara hiyo chini ya ardhi, kazi inayotarajiwa kwisha kabisa karibu mwaka 2040. Miaka karibu themanini ya kutengua jambo lililojengwa kwa haraka.

Nasi tunajenga za juu. Ile ya Mfugale pale TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa msaada wa Japani. Nashukuru kwa msaada, na kweli pale palikuwa na kero. Lakini Wajapani hao hao, kupitia shirika lao la misaada la JICA, walitusaidia kuandika mpango mkuu wa usafiri wa Dar es Salaam mwaka 2008, na mpango huo uliweka mabasi yaendayo haraka mbele. Katika vyote walivyotuletea, daraja la magari ndilo tulilolikumbatia kwa moyo mmoja.

Kuna jambo jingine la Japani ambalo sisi hatulizungumzi hata kidogo, nalo ni nani analipia safari ya kwenda kazini. Kule ni kawaida mwajiri kumlipia mfanyakazi pasi ya treni ya kati ya nyumbani na kazini, na serikali haitozi kodi kwenye malipo hayo mpaka yeni 150,000 kwa mwezi. Karani analipiwa, meneja analipiwa. Kampuni ya reli nayo inajua ina wateja walioshalipa miezi mitatu au sita mbele, kwa hiyo inaweza kupanga. Hapa kwetu cheo hupimwa kwa shangingi, dereva na mafuta. Anayelipwa kidogo kuliko wote ofisini, mhudumu anayewahi kufungua milango, ndiye anayejilipia nauli mbili kwenda na mbili kurudi, na akichelewa kwa sababu basi halikuja anaandikiwa barua. Mkubwa ambaye kwa kauli yake njia ya basi ingeweza kulindwa hajasimama kituoni tangu alipopata wadhifa. Nchi ambayo wafanya maamuzi wake hawapandi basi itawezaje kujua basi limechelewa?

Lakini tusijidharau. Tokyo inafaa kuishi bila gari pia kwa sababu vitu viko karibu. Shuleni, kliniki, duka la mboga, dobi, vyote ni mwendo wa miguu kutoka stesheni, na mzigo mkubwa huletewa mlangoni. Kampuni ya Yamato ilianza huduma ya kupeleka vifurushi majumbani mwaka 1976 na leo ni sehemu ya maisha ya kila siku. Sasa itazame Sinza, Manzese, Magomeni, Mwananyamala, Temeke. Duka la Mangi liko nyumba ya tatu. Genge la nyanya na mchicha liko kona. Mama ntilie, fundi cherehani, duka la dawa, saluni, wakala wa pesa, vyote umevipita kabla hujafika barabara kuu. Mtungi wa gesi ukiisha unapiga simu, bodaboda inauleta. Miji ya Ulaya na Marekani inalipa wataalamu wafufue maisha ya namna hiyo baada ya kuyaua. Sisi tunayo, hatukuyapanga, na hatuyahesabu kuwa mali.

Tunayaharibu, tena kwa bidii. Uchochoro wa Sinza uliokuwa wa watoto kucheza sasa umejaa magari yaliyolala pande zote mbili, na bibi anayekwenda zahanati anatembea katikati ya barabara kwa sababu pembeni hakuna pa kupita. Mvua ikinyesha anachagua kati ya dimbwi na bampa. Yale magari mengi yalikuwa Japani, yakilipiwa kodi kila mwezi ili yalale nje ya barabara. Yamevuka bahari yakakuta barabara ya umma ni chumba cha kulala cha bure. Siombi tutoze maegesho uchochoroni kesho asubuhi. Mtu ambaye hujampa basi huna haki ya kumtoza gari. Naomba tukiri kwamba nafasi hiyo ina thamani na ina wenyewe, nao ni wale wanaopita kwa miguu, ambao ni wengi.

Uharibifu mkubwa zaidi uko nje ya mji. Kila mwenye akiba kidogo anauziwa kiwanja: Madale, Mabwepande, Mapinga, Chanika, Kisarawe. Tangazo linasema "dakika kumi kutoka barabara ya lami", na dakika hizo ni za gari, wakati hakuna mvua wala kifusi. Mtu anajenga kwa miaka saba, anahamia, na siku ya kwanza anagundua kwamba maisha yake yote sasa yanahitaji chombo. Bodaboda mpaka barabarani, daladala mpaka kituo kikubwa, kisha kuunganisha tena. Gari alilokuwa halihitaji alipokuwa amepanga Kijitonyama limekuwa kama dawa ya presha. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022, na inaongezeka. Tukiendelea kuwatawanya hivi, hakuna idadi ya mabasi itakayowafikia wote.

Wajapani walilitatua hili mapema, na aliyefungua njia alikuwa mfanyabiashara. Kobayashi Ichizo alikuwa na reli ndogo ya umeme iliyotoka Osaka kwenda Takarazuka, sehemu yenye mashamba na abiria wachache. Alinunua ardhi kandokando ya reli kabla haijapanda bei, akajenga nyumba, na mwaka 1910, mwaka reli ilipofunguliwa, akaanza kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo kwa watu wa kipato cha kati. Waliohamia wakawa abiria wake wa kila siku. Mwisho mmoja wa reli akaweka mabafu ya kuogea na maonyesho ya muziki, ili treni zisirudi tupu siku za mapumziko. Mwisho wa pili, stesheni ya Umeda, mwaka 1929 akafungua duka kubwa la ghorofa. Kampuni za Tokyo zikaiga; Tokyu ilijenga makazi makubwa kusini-magharibi mwa jiji kando ya reli yake ya Den-en-toshi. Tangu 1960 baadhi ya treni za pembezoni zilianza kuingia moja kwa moja kwenye reli za chini ya ardhi, abiria akatoka kitongojini mpaka katikati ya jiji bila kushuka. Mtu wa Kibamba anayeshuka Kimara na kuanza foleni upya anaelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa.

Faida ya Kobayashi haikutoka kwenye nauli peke yake. Ilitoka kwenye ardhi ambayo reli yake ndiyo iliyoipandisha thamani, na faida hiyo ikarudi kuendesha treni. Kwetu, serikali inakopa, inajenga njia, na ardhi ya pembeni inapanda bei mara tatu. Nani anachukua faida hiyo? Mwenye fremu za maduka anapandisha kodi, mwenye kiwanja anauza, dalali anakula asilimia yake, na wakala wa mabasi anabaki akitafuta pesa za tairi. Kisha tunaambiwa usafiri wa umma haulipi. Hauwezi kulipa ikiwa thamani yote unayoizalisha inavunwa na wengine.

Ndiyo maana katika mjadala wa awamu zinazokuja za mwendokasi mimi sitauliza kwanza kuhusu aina ya mabasi wala kama ni ya gesi au umeme. Awamu ya tatu ni ya Gongo la Mboto, kilomita 23.6. Ya nne ni ya kutoka katikati ya jiji kwenda Tegeta na kupitia Sam Nujoma, kilomita 30.1. Pembeni ya njia hizo kuna ardhi ya umma: maghala ya mashirika, viwanja vya taasisi, kambi zilizochakaa, maegesho makubwa yaliyokaa wazi. Ardhi iliyo ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituo ingeweza kubaki mikononi mwa umma na kukodishwa. Shirika la nyumba lingejenga ghorofa nne au tano za kupangisha, maduka chini, njia ya miguu yenye kivuli na mtaro uliofunikwa mpaka mlango wa kituo, na kodi yake ikaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kuendesha mabasi. Mwalimu, muuguzi, askari, karani wa benki, wote wanaokopa leo kununua gari ili wakaishi Chanika, wangepanga pale na mtoto wao angeshuka ngazi na kupanda basi ambalo halimhesabii hasara.

Hakuna teknolojia ya kusubiri katika hilo. Sheria za ardhi zipo, mashirika yapo, wapangaji wapo kwa maelfu. Kinachotakiwa ni ramani za viwanja hivyo zitangazwe na vifungwe visiuzwe kabla ya mkandarasi kumaliza, kwa sababu baada ya hapo bei itakuwa imeshaamua. Na madalali hawajalala. Ukipita Gongo la Mboto utawakuta kwenye kivuli cha mwembe, wana ramani zao mkononi.